Baraza na Lubalaza: Historia ya Sehemu ya Mbele ya Nyumba Katika Jinja na Mbale

Mwanafunzi wa Kiswahili katika Mashariki ya Uganda asomapo kwa mara ya kwanza sentensi nyepesi kama "Babu amekaa barazani", aghalabu humwona babu huyo akilini mwake akiwa katika mkutano wa hadhara, ameketi mbele ya maofisa wa wilaya akiuliza habari za barabara na zahanati. Hatuna haki ya kumlaumu. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilianzisha mikutano ya wananchi na viongozi wao kwa jina hilo hilo la baraza, na hiyo ndiyo maana aliyoizoea redioni. Lakini jioni mwanafunzi huyo huyo hurudi kwao, akatandika mkeka mbele ya mlango, juu ya sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa na upenu wa bati, akaifanya kazi ya shule aliyopewa. Akiulizwa mahali hapo panaitwaje, atajibu bila ya kusita: lubalaza. Amekaa juu ya neno la Kiswahili, naye hana habari.

Katika makala haya tunakusudia kulifuata jambo hili kwa njia mbili pamoja, njia ya neno na njia ya jengo. Walimu wengi wa lugha hushika ya kwanza na kuwaachia waashi ile ya pili. Sisi tunaona kwamba kwa habari ya baraza haifai kuzitenga, kwa sababu neno hili halikuingia Jinja na Mbale kwa kitabu cha kamusi. Liliingia pamoja na mawe, saruji, mabati na desturi ya kukaa nje mwa mlango, nalo limedumu pale ambapo baraza lenyewe lilijengwa kwa namna ya kudumu. Siku hizi baadhi ya mabaraza ya kale ya miji hii yanabomolewa au kuzibwa kwa ukuta, na yumkini kizazi kijacho kitabaki na mkutano wa hadhara peke yake, bila ya mahali ulipozaliwa.

NENO NA SAFARI YAKE

Katika miji ya Pwani baraza, kwa maana yake ya awali, ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba na kupakwa chokaa. Wako wanaoliunganisha neno hili na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza, na kweli baraza ni ile sehemu ya nyumba iliyojitokeza nje kuwapokea watu. Huko Lamu nyumba kubwa huwa na daka, yaani kijumba cha mlangoni chenye mabaraza kuume na kushoto, ambamo mgeni huketishwa kabla ya kuruhusiwa kuingia ndani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja mabaraza huambaa kuta kwa urefu wa kichochoro, na wakati wa masika, maji yanapojaa njiani, wapita njia hutembea juu yake. Msomaji ataona kwamba tangu huko Pwani baraza lilikuwa na kazi mbili: kukaa na kuepuka maji. Tutarudi kwenye jambo la maji hapo mbele.

Kutoka maana ya mahali neno likapanuka. Likawa watu waketio mahali hapo. Kisha mazungumzo yao. Kisha shauri wanaloliamua. Mwishoni likawa chombo cha dola. Ndiyo maana leo tuna Baraza la Mawaziri, tuna baraza la chifu katika Kenya, na Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Mwalimu anayefundisha majina haya makubwa bila ya kuonyesha kile kiti cha mawe huwa amewapa wanafunzi paa bila ya nguzo.

Katika nchi ambayo leo ni Uganda, Kiswahili kiliingia kwa njia mbili. Njia ya kusini ilipita Tabora na Karagwe hadi Buganda, na kwa njia hiyo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika ikulu ya Kabaka katika miaka ya 1840. Njia ya mashariki ilipita Mumias, kituo mashuhuri cha misafara, ikaendelea pembezoni mwa Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Hivyo watu wa Jinja na Mbale walikuwa katikati ya njia hizo mbili kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupandishwa kwao.

Kiganda kililipokea neno baraza kwa ustadi ambao kila mwalimu wa sarufi hana budi kuufurahia. Kwanza r ikawa l, kama ilivyokuwa kwa maneno mengine mengi. Kisha neno likatiwa katika ngeli ya lu-, ngeli ya vitu virefu, ambayo katika Kiswahili imebaki kuwa u- ya ulimi, ubavu na ukuta. Wingi wake ukawa mbalaza, kama vile wingi wa ubavu ulivyo mbavu. Waliolitia neno katika ngeli hiyo hawakuwa na kitabu cha sarufi mkononi. Walikiona kitu kirefu kinachoambaa ukuta, wakakipa kiambishi kinachokistahili. Zaidi ya hayo, Waganda huiita siku ya Jumatatu Bbalaza, na wapo wanaoeleza kwamba ndiyo iliyokuwa siku ya kukaa barazani kusikiliza mashauri. Neno moja basi limezaa mawili: lubalaza likachukua mahali, na Bbalaza ikachukua mkutano.

Mbale iliupata msamiati huu ukiwa umevaa nguo za Kiganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyekuwa amezitiisha sehemu kubwa za mashariki, alikaa Mbale pamoja na wafuasi wake, nao ndio walioupa mji mwanzo wake. Kiganda kikawa lugha ya utawala katika nchi hizo kwa miaka mingi. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na ofisi, maaskofu na Kabaka Daudi Chwa walilipinga pendekezo hilo kwa nguvu, ilhali watu wa pande zote mbili za mabishano walikuwa wakiiita Jumatatu Bbalaza. Mabishano hayo hayakwisha hapo. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, kikabaki masikioni mwa wengi kuwa lugha ya askari. Kikaingizwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wazazi waliobaki na kumbukumbu za kambi za jeshi huuliza kwa nini watoto wao wafundishwe lugha ya ugenini. Mwalimu anayetaka kuwajibu aanze na mahali wanapokaa jioni.

JENGO LILIVYOFIKA

Jina Jinja maana yake ni jiwe, nalo lilitokana na mawe ya maporomoko ambapo Mto Nile ulitoka ziwani. Speke alifika hapo Julai 1862, akayapa maporomoko jina la Ripon. Maji ya bwawa la Owen Falls yaliyafunika mwaka 1954. Mwaka 1901 makao ya utawala wa Busoga yalihamishiwa Jinja, na mwaka huo huo reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoleta baraza la bati. Kutoka Kisumu mizigo ilipakiwa katika meli za ziwani, na miongoni mwa mizigo hiyo yalikuwamo mabati ya migongo, misumari na mapipa ya saruji. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, pamba ikaanza kuteremka kwa wingi, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka. Allidina Visram, aliyeanza biashara zake Bagamoyo na kufariki mwaka 1916, alikuwa na matawi katika miji mingi ya njia hiyo, Jinja ikiwamo.

Duka la Kihindi lilikuwa na sura iliyojulikana. Mbele lilikuwa baraza refu lenye nguzo, likifuatwa na chumba cha biashara, nyuma yake vyumba vya familia, na mwisho ua wenye jiko, kisima au tangi la maji ya mvua, na baraza jingine dogo la nyuma. Kwa kuwa maduka yalijengwa bega kwa bega, baraza la duka moja liliungana na la jirani, mpaka mtu aliweza kutembea sehemu kubwa ya Barabara Kuu ya Jinja mvua ikinyesha, naye asilowe. Majengo ya kwanza yalikuwa ya mbao na mabati. Yale ya miaka ya 1920 na 1930 yalijengwa kwa matofali na nguzo nene zilizopigwa lipu, na kwenye paji la baadhi yake bado husomeka mwaka wa ujenzi na jina la mwenyewe. Mbale nayo ilikuwa na maduka ya namna hiyo, kwanza kwa ajili ya pamba na baadaye kwa kahawa ya mlimani, hasa baada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kuanzishwa mwaka 1954.

Wenyeji hawakuiga kila kitu. Walichukua sakafu iliyoinuliwa na upenu mpana, wakayatia katika nyumba zao za matofali ya kuchoma. Nguzo nne nene waliziacha kwa wenye fedha. Nyumba ya mwalimu, ya katekista au ya mkulima wa kahawa ilipata lubalaza ya upana wa futi tano au sita, mara nyingi upande mmoja tu, na hiyo ndiyo iliyoenea vijijini.

MAMBO YANAYOLIDUMISHA

Hapa tunaomba radhi kwa wasomaji wasiopenda habari za udongo na misumari, maana tutakaa kidogo. Tumekwisha kuwaongoza wanafunzi wetu zaidi ya mara moja kuyatazama mabaraza ya miji hii, na swali lao la kwanza huwa lile lile: kwa nini hili limesimama miaka mingi bila ya kutengenezwa, na lile la jirani, la juzi tu, limekwisha pasuka na kulika? Jibu limo katika maadui wawili, maji na mchwa, na katika akili ya fundi aliyewazuia kabla hawajafika.

Adui wa kwanza ni maji. Jinja hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, na dhoruba za ziwani hupiga kwa upepo. Mbale huteremshiwa maji kutoka Wanale. Mvua inapogonga udongo mtupu, matone huruka pamoja na tope na kuupaka ukuta rangi nyekundu hadi karibu futi moja kutoka chini. Mstari huo wa tope ndio mwalimu wa fundi: sakafu ya baraza haina budi kuwa juu yake. Mabaraza mengi ya kale yameinuliwa ngazi mbili au tatu, kila ngazi ya inchi sita. Chini ya sakafu fundi aliondoa udongo mweusi wenye mizizi, akajenga ukingo wa mawe, akajaza changarawe nyekundu tabaka kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya kuongeza jingine. Mafundi wengi wa siku hizi hujaza mara moja na kumwaga zege siku ile ile. Mwaka wa pili changarawe inashuka, zege inabaki ikining'inia, nayo inapasuka. Zege yenyewe ilikuwa ya unene wa inchi nne, kwa kipimo cha zamani cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, ikamwagiliwa maji kwa siku saba ili ikauke polepole.

Tena sakafu ilipewa mteremko mdogo kuelekea nje, kiasi cha inchi moja kwa kila futi tano au sita, mteremko ambao jicho halitauona lakini maji yatauona. Ilikatwa vipande vya mraba kwa mistari iliyonyooka, na watu hudhani mistari hiyo ni pambo. Zege hupanuka kwa jua na kujikunja kwa baridi, kwa hiyo lazima ipasuke mahali. Fundi mwenye busara huichagulia mahali pa kupasukia. Kwa sababu hiyo hiyo sakafu ya baraza haikufungamanishwa na ukuta wa nyumba, maana nyumba na baraza hazina uzito mmoja, wala hazishuki kwa kiasi kimoja.

Juu ya hayo yote kuna upenu. Ukingo wa bati lazima upite ukingo wa sakafu, ili mchirizi uanguke nje kabisa, kwenye mtaro uliojazwa mawe. Baraza ambalo bati lake linaishia sawasawa na sakafu huchimbwa na maji miguuni kila msimu. Bati lenyewe huchaguliwa kwa geji, na hapa wanafunzi huchanganyikiwa, kwa kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 32. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni, kwa maana bondeni ndimo yapitamo maji.

Adui wa pili, yaani mchwa, ana subira kuliko maji. Hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo anavyovijenga mwenyewe, akaila nguzo kutoka ndani na kuiacha ganda lake likiwa zuri kama lilivyokuwa. Dawa ya wazee ilikuwa mvule. Busoga ilikuwa nchi ya mivule, na Kakungulu anakumbukwa kwa kuipanda kandokando ya barabara alizozifungua. Moyo wa mti huu, ule wa rangi ya kahawia, mchwa hauwezi kwa miaka mingi hata usipopakwa kitu, lakini ubao mweupe wa nje wanaula kama mti mwingine wowote. Fundi asiyewatenga wawili hao amemdanganya mteja wake, hata kama ankara yake imeandikwa "mvule". Maseremala husimulia pia kwamba ndani ya mvule mkubwa mara nyingine msumeno hugonga jiwe. Na kweli, mti huu hukusanya ndani yake chokaa inayogeuka kuwa jiwe gumu la kuvunja meno ya msumeno.

Hata hivyo mvule peke yake hautoshi. Nguzo nzuri haikuchimbiwa ardhini. Ilisimamishwa juu ya kiguu cha jiwe au zege kilichoinuka kidogo kutoka sakafuni, ikashikwa kwa chuma kilichopenya katikati yake, ili kichwa cha chini cha mti kisinyonye maji. Katika baadhi ya nyumba za serikali za zamani kuna kipande cha bati kilicholazwa kati ya msingi na mbao, kingo zake zimepindwa chini. Mchwa apandaye hulazimika kuuzunguka ukingo huo na kujenga kijia chake nje, mahali pa wazi, ambapo mwenye nyumba hukiona asubuhi na kukivunja kwa ufagio. Huko ndiko kutengeneza tunakokutaka: kazi ya ufagio, isiyohitaji kumwita fundi.

Siku hizi mivule iliyokomaa imekuwa adimu. Mti huchukua zaidi ya nusu karne kufikia ukubwa wa kupasuliwa mbao, na miche yake hushambuliwa na kidudu kidogo kinachovimbisha majani na vichipukizi hadi vinyauke. Mahali pake pamechukuliwa na mkaratusi uliotiwa dawa au na bomba la chuma, na wengine huipaka miti yao oili chafu ya magari, ambayo hunuka na kuchafua nguo za wakaao barazani. Sisi tunaona nguzo ya matofali yenye lipu nzuri inafaa zaidi kwa mtu wa kipato cha kawaida, hasa kwa kuwa saruji hutengenezwa Tororo, karibu na Mbale, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Yafaa kukumbuka pia ni nani aliyekuwa akilitengeneza baraza kabla ya saruji kufika vijijini. Sakafu ya udongo ilipakwa samadi iliyochanganywa na udongo laini, tena na tena mwaka mzima, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana. Tunaposifu baraza lisilosumbua kulitunza, jumla ya saa zilizookolewa ni zao, na baadhi ya saa hizo zilikwenda shuleni.

Mwalimu asiache kuwaonyesha wanafunzi hapa maneno mawili ya mafundi. Saruji ni neno la Kiajemi. Sakafu ni la Kiarabu, ambako maana yake ni paa! Katika nyumba za ghorofa za Pwani paa bapa la chini ndilo linalokanyagwa na waishio juu, hivyo neno likageuka, likatua miguuni mwetu.

WALIOKAA BARAZANI

Baraza la duka lilikuwa na wenyewe wengi. Karatasi za umiliki zilikuwa za mwenye duka, lakini njia ilikuwa ya wote. Fundi wa nguo aliweka cherehani yake karibu na mlango, akashona vitambaa vilivyonunuliwa ndani saa ile ile. Mkulima alisubiri hapo zamu ya kupima kahawa yake. Mvua ilipoanza, tajiri na mchukuzi walisimama pamoja chini ya bati moja wakitazama barabara ikigeuka mto. Kiswahili kilikuwa na kazi hapo, kwa sababu Mgujarati, Msoga, Mgisu, Mluo na Mteso walihitaji lugha ya kuuliza bei ambayo haikuwa ya mmoja wao. Kiswahili hicho hakikuwa sanifu, nasi hatukisifu kwa sarufi yake. Lakini kilikuwa cha watu wa kawaida wakinunua chumvi na mafuta ya taa, wala hakikuwa na bunduki.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, wakapewa siku 90. Jinja, ambayo ilikuwa na Waasia wengi kwa kadiri ya ukubwa wake, ilitupu kwa majuma machache. Majengo yaliyoachwa yaligawiwa au yakawekwa chini ya bodi ya serikali iliyosimamia mali hizo, na wengi wa walioyapata walikuwa wapangaji wasiojua watakaa siku ngapi. Mtu wa namna hiyo hazibui mtaro wala hapigi lipu. Miaka mingi ikapita hivyo, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuwarudishia wenyewe mali zao, na urejeshaji mkubwa ukafanyika katika miaka ya 1990. Yeyote aliyetembea Jinja katika miaka hiyo aliona jambo la ajabu: madirisha yamevunjika, rangi imebambuka, lakini sakafu za mabaraza ni zima, zimesuguliwa na nyayo mpaka zinang'aa. Miaka ishirini ya kutotunzwa ilikuwa mtihani mkali kuliko wowote ambao mwashi angeweza kuutunga.

MABARAZA LEO

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji. Barabara zimetengenezwa upya katika miji hii yote miwili kwa miradi iliyopata fedha za Benki ya Dunia, na jambo hilo ni la heri. Lakini mahali pengine wenye majengo wamebomoa maduka ya kale na kuinua maghorofa ya vioo yanayoanza moja kwa moja kwenye ukingo wa njia, bila ya upenu wala ngazi. Wengine wamelizungushia baraza ukuta au nondo wakalifanya chumba cha kupangisha. Mpita njia amerudishwa mvuani. Katika Mbale hasara hiyo ina uzito wake: mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu zaidi ya ishirini. Hatudai kwamba ngazi tatu za baraza zingeuzuia mto. Tunasema tu kwamba waliojenga wa kwanza waliitazama nchi wakaona maji hupita wapi, na kwamba anayejenga sakafu sawa na barabara katika bonde lile hajaitazama.

Huko Marekani, kwa kulinganisha, tangu baada ya Vita Kuu ya Pili imeenea desturi ya kujenga jukwaa la mbao nyuma ya nyumba, uani, kwa ajili ya familia na chakula cha jioni. Mbao zake kwa miaka mingi zilitiwa dawa yenye sumu ya aseniki, mpaka matumizi hayo katika nyumba za kuishi yalipoachwa mwisho wa mwaka 2003. Majukwaa ya namna hiyo yameanza kuonekana kandokando ya Nile, katika hoteli za watalii, na ni mazuri kutazamia maji. Lakini jukwaa la uani limeipa barabara mgongo. Sisi nasi tuna uani, ambako Waganda hukuita emmanju, mahali pa jiko na siri za nyumbani. Hakuna aliyefikiri kupaita lubalaza kwa sababu tu pana sakafu. Baraza hutazama njia, na mwenye kuketi hapo amekubali kusalimiwa.

Uganda ilipata Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu mwaka 2023, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Sheria peke yake haihesabu nguzo. Kazi hiyo inaweza kufanywa na darasa la Kiswahili kwa kamba ya kupimia na daftari. Tungependekeza kila shule ya Jinja na Mbale ichague safu moja ya maduka, ipime upana wa baraza, kimo cha sakafu na umbali ambao upenu unaupita ukingo. Iandike mwaka uliomo kwenye paji la jengo ikiwa bado unasomeka. Kisha imwulize mwashi mzee wa mtaa huo jina la kila sehemu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, bila ya kumsahihisha. Kimo cha sakafu kipimwe mara tu baada ya mvua, wakati mstari wa tope ukutani ungali mbichi.